Nyumba za Kujipikia Ngomeni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukabidhi Ufunguo

Si kila mgeni anayefika pwani ya Malindi hutaka hoteli. Wapo wanaotafuta nyumba yenye jiko, friji na chandarua, mahali patulivu, familia ipike inachopenda kwa wakati wake. Wengi huziita nyumba hizi Airbnb hata zinapokodishwa kwa simu tu. Zimezoeleka Malindi mjini na Watamu, na mwenye nyumba wa Ngomeni naye anaweza kukodisha yake.

Ngomeni iko takriban kilomita 30 kaskazini mwa Malindi, ukishavuka Mto Sabaki na kuiacha barabara ya Garsen pale Gongoni. Inajulikana kwa kituo cha anga cha Waitaliano. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini tarehe 12 Desemba 1970. Hata hivyo ni kijiji cha wavuvi, na mgeni anayetegemea supamaketi afanye ununuzi wake Malindi. Kitoweo ndicho cha hapo hapo. Ghuba ya Ungwana inasifika kwa kamba, na samaki hununuliwa mashua zinapofika. Lakini bahari ina majira yake: wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, wavuvi wa vyombo vidogo hutoka kwa urahisi, kusi ikivuma, siku nyingine hawatoki kabisa. Mwenyeji mkweli humwambia mgeni wa Julai kwamba huenda akala maharagwe siku mbili.

Faida kwa kijiji iko hapo. Mgeni anayejipikia hununua kwa mvuvi, kwa mama mboga, kwa muuza nazi, na humlipa mwenye bodaboda.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Utalii ya 2011 inazitaja fleti zenye huduma, nyumba za ufuoni, vila na nyumba za kupokea wageni miongoni mwa biashara zinazohitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Upo pia ushuru wa utalii wa asilimia 2. Kibali cha biashara cha kaunti ni jambo jingine, kwani Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya leseni za biashara na utalii wa mashinani. Mwenye chumba kimoja asidhani hahusiki, aulize kwanza.

Usajili si karatasi tu. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa, kila mmoja kwa wakati wake, katika nyumba za kukodi kwa muda mfupi jijini Nairobi, na mamlaka ikataka nyumba hizo zisajiliwe. Mwenyeji aandike jina na nambari ya kitambulisho au pasipoti ya kila anayelala, si ya aliyelipa peke yake. Nakala hizo zifungiwe kabatini. Kuzitupia kwenye kundi la WhatsApp kunaweza kumtia matatani chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mgeni naye amwachie ndugu anwani ya nyumba na simu ya mwenyeji.

Jikoni ndiko kwenye hatari ya kila siku, hasa chini ya paa la makuti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia sakafuni, na cheche ya swichi inatosha kuiwasha. Mtungi uwekwe nje, penye hewa, na mpira wake ukaguliwe kabla ya kila mgeni. Harufu ikisikika, fungeni mtungi, fungueni milango, msiguse stima. Jiko la makaa lisipikiwe wala kulaliwa nalo ndani.

Yaliyobaki yaandikwe kwenye karatasi moja ukutani: nani hununua tokeni za stima, maji yapi ni ya kunywa (ya visima vilivyo karibu na bahari huwa na chumvi), takataka zinatupwa wapi, na simu ya mzee wa mtaa.