Uchaguzi wa Kisikilizio Kisicho na Waya kwa Kofia ya Pikipiki

Wananchi wanaotumia pikipiki na vespa Unguja na Pemba wanayafahamu vyema mazoea yaliyoenea barabarani ya kuipachika simu baina ya shavu na kofia ngumu, dereva akaendelea na safari huku akizungumza. Wapo pia wanaotia masikioni visikilizio vya waya, kisha wakavaa kofia juu yake. Simu iliyopachikwa huizuia kofia kukaa sawasawa kichwani na humlazimisha mtu kuulegeza ukanda wa kidevu. Inapoanza kuteleza, dereva huachia usukani kwa mkono mmoja ili aiwahi isianguke. Aidha, kitu kigumu chenye kioo kilichobanwa juu ya mfupa wa shavu si kitu cha kutamani kuwa nacho pahala hapo wakati wa ajali.

Kwa kuwa sasa vinauzwa visikilizio visivyo na waya vilivyotengenezwa mahsusi kwa kofia za pikipiki, imeonekana ni vyema wananchi wakapatiwa maelezo ya namna ya kuvichagua. Ifahamike tangu mwanzo kwamba maelezo haya hayamhimizi mtu kununua. Dereva anayeweza kuiacha simu yake mfukoni hadi afike aendako hana haja na kifaa hiki. Yanawahusu zaidi wale ambao kazi yao haiwapi hiari hiyo, kama vile wapeleka vifurushi na waongozaji wa wageni, pamoja na wanaosafiri wawili wawili masafa marefu.

Kifaa chenyewe kina spika mbili nyembamba za mviringo, zenye upana wa milimita 32 hadi 40 hivi, ambazo hukaa ndani ya kofia mkabala na masikio. Kina maikrofoni ndogo inayokaa karibu na mdomo, na kisanduku chenye betri na vitufe ambacho hubandikwa nje ya kofia, kwa kawaida upande wa kushoto, ili mkono wa kulia ubakie kwenye eksileta. Kisanduku huwasiliana na simu kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, kwa njia iitwayo Bluetooth. Kazi ya kuibuni njia hiyo ilianza katika kampuni ya Ericsson ya Uswidi mwaka 1994, na jina lake limetokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Hilo la mwisho halimsaidii mnunuzi, lakini watoto wa skuli huliulizia.

Jambo la kwanza la kuangaliwa si kisikilizio, bali ni kofia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba kuvaa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kisikilizio kinachoweza kumpa dereva faida ya namna hiyo. Kwa mantiki hiyo, mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu anunue kofia iliyo bora na aache kisikilizio kisubiri.

Kofia nusu, yaani ile inayokaa juu ya utosi na kuyaacha masikio wazi, haina pahala pa kuweka spika, na wanaojaribu kuzining'iniza kwa gundi ya utepe huishia kuzipoteza njiani. Kofia inayofunika masikio na kuacha uso wazi inafaa, ilimradi itumike maikrofoni yenye mkono mfupi unaoifikisha karibu na mdomo. Kofia inayofunika kichwa chote pamoja na kidevu ndiyo yenye kinga kubwa zaidi, na ndiyo inayokipokea kisikilizio kwa urahisi. Hiyo hutumia maikrofoni ndogo ya kubandika, ambayo hukaa nyuma ya sehemu ya kidevu pasipo na upepo mwingi.

Inafaa ieleweke namna kofia inavyofanya kazi, kwani hapa ndipo mafundi wengi wa mitaani wanapoharibu. Chini ya ganda la nje mna tabaka nene la povu gumu, jeupe au jeusi, linalofanana na lile linalopakiwa katika maboksi ya televisheni. Chini ya povu hilo ndimo mlimo sponji laini na kitambaa kinachogusa kichwa. Kichwa kinapogonga, ni lile povu gumu linalobonyea na kuumeza mshindo, na likishabonyea halirudi tena. Ni makosa makubwa kulichonga kwa kisu ili spika ipate nafasi. Pahala palipochongwa ni karibu na sikio na fuvu la upande, na hapana tena cha kuupokea mshindo hapo. Vile vile ganda lisitobolewe kwa ajili ya skrubu. Kofia nyingi zenye ganda la plastiki hudhurika pia kwa petroli, tina na baadhi ya gundi kali, ambazo huidhoofisha plastiki bila ya kuonesha alama yoyote kwa macho. Kitumike kibano au kibandiko kilichotoka katika boksi la kifaa chenyewe.

Kofia nyingi zinazotengenezwa sasa zina vishimo vya mviringo vilivyoachwa na kiwanda kwa ajili ya spika, chini ya kitambaa cha mashavuni. Mnunuzi akifunue kitambaa hicho dukani na kutia kidole. Akikuta kishimo, apime upana na kina chake kwa rula kabla ya kwenda kununua spika. Asipokikuta, atafute spika zilizo nyembamba kabisa, azitie baina ya kitambaa na povu, kisha avae kofia kwa muda wa dakika kumi akiwa amekaa. Sikio likianza kuuma, au likawa limekunjika, spika hizo hazimfai hata zikiwa na sauti nzuri namna gani.

Kipimo cha Umoja wa Mataifa cha kofia za pikipiki, kijulikanacho kwa namba ECE 22.06 na kilichoanza kutumika Januari 2021, kinazingatia pia vifaa vya ziada ambavyo mtengenezaji wa kofia amevikusudia. Kwa hiyo kofia inayouzwa pamoja na kisikilizio chake cha kiwandani ina faida ya kuwa imepimwa nacho, ingawa bei yake ni ya juu. Kwa wanaoongeza kifaa baadaye, kisanduku kilicho bapa, kinachoshikwa na kibano ambacho hung'oka kikigongwa, ni bora kuliko kile kinachochomoza nje kama pembe.

Baada ya kofia huja sikio. Malalamiko mengi ya kwamba sauti ni ndogo hayatokani na udhaifu wa spika, bali na pahala ilipowekwa. Spika ikisogea sentimita moja tu kutoka kwenye tundu la sikio, sauti hupungua sana na mzito wake hutoweka. Inatakiwa kuvaa kofia, kupiga sauti ya redio au wimbo, na kuzisogeza spika kidogo kidogo hadi ipatikane sehemu ambayo sauti inatosha bila ya kuipandisha. Wapo waliokwisha kununua kifaa cha pili, kumbe tatizo lilikuwa la robo saa ya subira.

Suala la ukubwa wa sauti lisichukuliwe kwa wepesi. Pikipiki inapokwenda kasi, kelele kubwa ndani ya kofia haitokani na injini bali na upepo. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kelele hiyo hupindukia desibeli 90. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia afya za wafanyakazi, hupendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo upungue kwa nusu. Yaani katika desibeli 88 ni saa 4, na katika 94 ni saa 1. Ni wachache wanaofikia mwendo huo visiwani, lakini mwenye kofia ya uso wazi hukutana na upepo mkali hata akiwa na mwendo wa wastani, kisha hupandisha spika ili ziushinde. Anayevua kofia akakuta masikio yanavuma amekwisha kuvuka mpaka, na usikivu unaopotea kwa njia hiyo haurudi. Tiba yake ni kuupunguza upepo: kofia inayokaza vizuri shingoni na kioo cha uso kinachofunga. Spika zenye nguvu zaidi hazitibu kitu.

Kwa sababu hizo hizo haifai kutumia ndani ya kofia vile visikilizio vya kuziba tundu la sikio vilivyokusudiwa kwa simu na muziki. Spika ya kofia hukaa nje ya sikio, na huacha honi ya daladala, king'ora cha gari ya wagonjwa na sauti ya mtoto anayekimbilia mpira visikike. Kisikilizio cha kuziba huvizuia, na dereva akianguka huweza kumjeruhi sikio.

Liko pia jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Wengi huamini kwamba mikono ikiwa huru basi hatari imekwisha. Mwaka 2001 David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu waliokuwa katika mazungumzo ya simu walikosa kuziona ishara mara mbili zaidi kuliko walipokuwa hawazungumzi, na hapakuwa na tofauti baina ya walioshika simu mkononi na waliozungumza bila ya kuishika. Waliosikiliza redio tu hawakuathirika namna hiyo. Kinachochukuliwa na mazungumzo ni akili, na mkono si tatizo pekee. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 50 katika sekunde tatu, na sekunde tatu ni muda mfupi wa kumjibu mteja anayeuliza mzigo uko wapi. Wanaopita njia ya Paje wanajua namna kima punju wanavyoikatisha barabara pale Jozani bila ya kutoa taarifa.

Kwa hiyo mnunuzi achague kifaa ambacho kitamwezesha kukataa simu au kupokea kwa kitufe kimoja kikubwa kinachohisika hata kwa mkono uliovaa glovu, na ambacho uwezo wake wa kujipokelea simu chenyewe unaweza kuzimwa. Kupokea kwa maneno mawili ya kusema nitakupigia, kisha kuegesha pembeni, ndiyo matumizi yanayofaa. Sauti ya ramani inayoelekeza njia ni matumizi mema pia, kwa vile humwondolea dereva haja ya kuinamia kioo cha simu.

Baadhi ya vifaa humwezesha dereva kuzungumza na abiria wake, au na dereva mwengine. Wauzaji hutangaza masafa ya kilomita moja na zaidi. Masafa hayo hupimwa pahala peupe pasipo na kizuizi. Kuta nene za mawe za Mji Mkongwe huyazuia mawimbi haya, na vilima na kona za njia ya Chake Chake kwenda Wete huyakata mara kwa mara. Kwa dereva na abiria wake umbali si hoja, na kifaa cha watu wawili kinatosha. Wanaoongoza misafara ya wageni ndio wanaohitaji vifaa vya mtandao wa kundi, ambavyo humruhusu mmoja kupotea na kurudi bila ya kuwakatia wengine. Vifaa hivyo ni ghali, na mara nyingi vya kampuni moja havizungumzi vyema na vya kampuni nyengine, hivyo kundi lipatane kabla ya kununua.

Kuhusu maji, kitazamwe kipimo cha herufi IP na tarakimu mbili. IP67 maana yake vumbi haliingii kabisa, na kifaa huweza kuzama katika maji ya mita moja kwa dakika 30. IPX4 hustahamili marashi tu, na haitoshi kwa masika ya kwetu. Kipimo hicho hufanywa kwa maji matamu. Chumvi ya pwani hula vishikizo vya chuma vya kuchajia hata katika kifaa kizuri, kwa hiyo kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu wa maji matamu, na kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kisiachwe wazi. Betri zake ni za lithiamu. Kofia isiachwe juani juu ya pikipiki mchana kutwa, na kifaa kilichopata moto kipoe kwanza ndipo kitiwe chaji.

Vifaa vya mawimbi ya redio hutakiwa kuwa vya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mnunuzi anayo haki ya kumuuliza muuzaji juu ya jambo hilo. Kampuni zenye jina, kama Cardo na Sena, huigwa sana. Kifaa kinachouzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake ya kawaida, kisicho na namba ya mfululizo, kitiliwe shaka. Risiti idaiwe. Aulizwe muuzaji kama anauza spika, maikrofoni na vibano vya akiba, kwani hivyo ndivyo vinavyoharibika mwanzo, na asiyekuwa navyo anauza kitu cha msimu mmoja.

Kofia iliyogonga chini katika ajali haitumiki tena, hata kama ganda halikupasuka. Kisikilizio chake, ikiwa kisanduku na betri havikubonyea, huweza kuhamishiwa kofia mpya kwa kununua kibano na vibandiko vyengine.