Je, Wajua? Olimpiki: Zamani wa Pili Hakuwa na Chake

Kila Olimpiki ikikaribia, tunakumbushwa kwamba kushiriki ni bora kuliko kushinda. Wagiriki walioianzisha michezo hiyo wangecheka. Sehemu kubwa ya maadili tunayoyasifu leo imekuja baadaye, na wengi walioyaleta hawakuwa mabingwa.

• Je, wajua kwamba bingwa wa kwanza wa Olimpiki tunayemjua kwa jina alikuwa mpishi? Koroibos wa Elis alishinda mbio za mita 192 hivi huko Olympia mwaka 776 KK. Kwa miaka 50 hivi baada ya hapo, hapakuwa na shindano jingine ila hilo.

• Mshindi alivikwa shada la majani ya mzeituni. Wa pili na wa tatu walirudi kwao mikono mitupu.

• Ile amani ya Olimpiki inayosifiwa sana haikuzima vita vyote vya Wagiriki. Kazi yake ilikuwa kuwalinda wanamichezo na watazamaji njiani, wafike Olympia na kurudi salama. Katika zama zetu, vita vimeifuta Olimpiki mara tatu: 1916, 1940 na 1944.

• Wanawake walioolewa hawakuruhusiwa hata kutazama. Hata hivyo, mwaka 396 KK Kyniska, binti wa mfalme wa Sparta, alitwaa taji la mbio za magari ya farasi. Siri ni kwamba taji lilikuwa la mwenye farasi, si la mwendeshaji, na farasi walikuwa wake.

• Je, wajua kwamba upendeleo wa waamuzi haukuanza jana? Mwaka 67 BK Kaisari Nero wa Roma alianguka kutoka kwenye gari lake la farasi, akashindwa kumaliza, na bado akatangazwa mshindi.

• Pierre de Coubertin wa Ufaransa alipoifufua michezo hiyo, Athens 1896, hapakuwa na medali ya dhahabu. Wa kwanza alipewa ya fedha, wa pili ya shaba, wa tatu hakupata kitu. Dhahabu, fedha na shaba kwa mpangilio wa leo zilianza St. Louis, Marekani, mwaka 1904.

• Kuanzia 1912 hadi 1948 watu walishinda medali za Olimpiki kwa ushairi, uchoraji, uchongaji, muziki na usanifu wa majengo. Dhahabu ya kwanza ya fasihi ilikwenda kwa Coubertin mwenyewe, aliyepeleka shairi lake kwa majina ya bandia.

• London 1908, Dorando Pietri wa Italia aliingia uwanjani akiongoza marathoni, akaanguka mara kadhaa, na maofisa wakamsaidia kufika mwisho. Msaada huo ulimnyang'anya ushindi. Kesho yake Malkia Alexandra alimzawadia kikombe.

• Berlin 1936, Wajapani Shuhei Nishida na Sueo Oe walilingana katika kuruka kwa upondo. Nishida akapewa fedha na Oe shaba. Waliporudi nyumbani walizikata medali hizo katikati na kuziunganisha upya, kila mmoja akabaki na nusu ya fedha na nusu ya shaba.

• Mexico City 1968, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti alipoanguka katikati ya marathoni. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja kabla Akhwari hajaingia uwanjani akichechemea, giza limeshatanda. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, bali kuzimaliza.

• Je, wajua kwamba moja ya mbio zilizosubiriwa sana haikukimbiwa? Filbert Bayi wa Tanzania aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 kwa dakika 3:32.16, akimshinda John Walker wa New Zealand. Walitarajiwa kukutana tena Montreal 1976. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na zaidi ya nchi 20 za Afrika zikaisusia Olimpiki. Walker akatwaa dhahabu bila Bayi. Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi alipata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000.

• Barcelona 1992, Derartu Tulu wa Ethiopia alikuwa mwanamke Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki. Alimsubiri Elana Meyer, mzungu wa Afrika Kusini aliyekuwa wa pili, kisha wakauzunguka uwanja pamoja wakishangiliwa.

• Atlanta 1996 ilikuwa Olimpiki ya kwanza kwa Burundi. Vénuste Niyongabo, hodari wa mita 1,500, alimwachia nafasi hiyo mwenzake mkongwe Dieudonné Kwizera, ambaye hakuwahi kupata fursa ya kukimbia Olimpiki. Yeye akaingia mita 5,000, mbio asizozizoea, na kushinda dhahabu.

• Timu ya kwanza ya wakimbizi, Rio 2016, ilikuwa na wanamichezo 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma na kunolewa Kenya chini ya mkimbiaji mkongwe Tegla Loroupe. Wawili walikuwa wanajudo kutoka Kongo.

• Bendera yenye pete tano, ishara ya mabara matano, ilipepea Olimpiki kwa mara ya kwanza Antwerp mwaka 1920. Je, wajua kwamba tangu hapo Olimpiki haijawahi kufanyika Afrika? Michezo ya vijana iliyopangwa kufanyika Dakar mwaka 2026 ndiyo ya kwanza ya Olimpiki kupewa bara hili. Ikiwa kushiriki ndiko kwenye maana, basi kuandaa nako ni kushiriki.