Chanjo ya vidonda vya tumbo: Panya wakingika, binadamu bado

Chanjo ya kumkinga binadamu dhidi ya Helicobacter pylori, bakteria wanaosababisha sehemu kubwa ya vidonda vya tumbo, bado haijaingia hospitalini, licha ya panya wa maabara kukingwa kwa mafanikio tangu miaka ya 1990.

Bakteria hao waliooteshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982 mjini Perth, Australia, waliwapatia madaktari Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel ya mwaka 2005. Wanahusishwa pia na saratani ya tumbo, na kwa kawaida humwingia mtu tangu utotoni.

Ili kuhimili asidi ya tumbo, bakteria hao hutumia kimeng'enya kiitwacho urease, ambacho huzalisha amonia ya kuipunguzia asidi hiyo makali. Silaha hiyo ndiyo watafiti waliyoigeuza chanjo. Mwaka 1994 wanasayansi nchini Uswisi waliripoti kuwa panya walionyweshwa sehemu ya urease pamoja na sumu ya kipindupindu, inayochochea kinga ya mwili, walihimili maambukizi ya Helicobacter felis, jamii ya bakteria hao wapatikanao kwa paka.

Hata hivyo, kukingwa huko kuna mipaka yake. Katika majaribio mengi bakteria walipungua sana bila kutoweka, na baadhi ya panya waliochanjwa walipata uvimbe mkali zaidi wa tumbo. Isitoshe, sumu ya kipindupindu haiwezi kunyweshwa watu, kwani huharisha.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba panya wasio na uwezo wa kutengeneza kingamwili nao walikingika. Ikadhihirika kuwa kazi kubwa hufanywa na seli za T, askari wengine wa damu.

Kwa binadamu matokeo yamepishana. Nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ukihusisha watoto zaidi ya 4,400 wenye umri wa miaka 6 hadi 15 ulionyesha kinga ya asilimia 71.8 katika mwaka wa kwanza. Lakini chanjo nyingine, iliyojaribiwa Ujerumani kwa watu wazima waliokubali kuambukizwa kwa makusudi, haikuwa bora kuliko dawa bandia, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2018.

Kwa sasa wagonjwa hutegemea mchanganyiko wa antibiotiki na dawa za kupunguza asidi, ambao bakteria wanazidi kuuzoea.