Kijana Mnene na Mazoezi ya Mwili

Somo mlilolisikia redioni limepigwa chapa hapa ili mlisome polepole.

Labda nyumbani kwako yuko kijana wa miaka 14 au 15 aliyenenepa kupita kiasi. Ulimwambia akimbie kila asubuhi. Amekimbia miezi miwili, kisha amepanda mizani. Kilo ni zile zile! Wewe unasema, "Kazi bure," naye anaacha. Hapo mmekosea nyote wawili.

Sikilizeni. Ugali, wali na mkate hugeuka sukari mwilini. Sukari hiyo husafiri katika damu mpaka kwenye misuli, ikawe nguvu. Lakini haiingii hivi hivi. Iko kama mgeni mlangoni, na bawabu wa kumfungulia huitwa insulini. Insulini hutoka katika kongosho. Mafuta yakizidi ndani ya tumbo na katika ini, mlango huwa mgumu. Kongosho huleta mabawabu wengi zaidi, mpaka huenda likachoka, na sukari ikabaki katika damu. Hicho ni kisukari cha namna ambayo zamani tulidhani ni cha watu wazima tu. Siku hizi huwapata hata vijana.

Basi, mazoezi ni ya aina mbili. Yako ya pumzi: kukimbia, kutembea upesi, kuendesha baiskeli, kucheza ngoma. Na yako ya nguvu, kama kunyanyua vitu vizito.

Mjini Pittsburgh, Marekani, wataalamu waliwajaribu wavulana wanene 45. Kundi moja lilifanya mazoezi ya pumzi, la pili ya nguvu, la tatu halikufanya. Yalikuwa ya saa moja, mara 3 kwa wiki, kwa miezi 3, wala hawakupunguziwa chakula. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Waliofanya mazoezi, mizani haikushuka sana. Lakini mafuta ya ndani ya tumbo na ya ini yalipungua katika makundi yote mawili! Na wale wa vitu vizito, insulini yao ilifanya kazi vizuri kuliko mwanzo. Waliokaa tu waliongezeka kilo.

Mwaka uliofuata zikaja habari za wasichana, nazo zilikuwa tofauti. Kwao mazoezi ya pumzi ndiyo yaliyosaidia ini, tumbo na insulini. Ya nguvu peke yake hayakufanya hivyo. Huko Ottawa, Kanada, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2014, vijana waliohudhuria kwa bidii na kuchanganya aina zote mbili walipungukiwa mafuta kuliko wale wa mazoezi ya pumzi tu. Mimi ningewachanganyia, mvulana na msichana.

Tena, msuli unaofanya kazi hujifungulia mlango wenyewe, bila kumngoja bawabu. Mlango hubaki mwepesi siku moja au mbili, kisha hurudia ugumu wake. Ndiyo sababu kukimbia Jumamosi tu hakutoshi. Lakini kijana anayechomwa sindano ya insulini aulize daktari kwanza, maana sukari yake yaweza kushuka mno.

Kazi ya nyumbani: chukua utepe wa fundi cherehani, mpime kijana wako kiuno, kwa upole, bila kumcheka. Andika tarehe na sentimita katika daftari. Baada ya miezi 3 pima tena, uandike chini yake.