Alama za SAT na maana yake

Nchini Kongo, mtahiniwa wa Examen d'État hana budi kupata walau asilimia 50 ili atunukiwe diploma. Kwa mazoea hayo, msomaji Mkongo aonapo alama za SAT, mtihani unaotumiwa na vyuo vikuu vingi vya Marekani katika kuteua wanafunzi, huuliza kwanza: je, huyu amefaulu? Swali hilo halina jibu, kwani SAT haina kufaulu wala kushindwa.

Alama zake huanzia 400 na kukomea 1600. Nusu ni za kusoma na kuandika, nusu ni za hisabati. Kwa kuwa maswali ya kila awamu hayalingani kabisa kwa ugumu, majibu sahihi hugeuzwa kuwa alama za kipimo kimoja, ili 1200 ya awamu moja iwe na uzito sawa na 1200 ya nyingine. Mtahiniwa huonyeshwa pia asilimia ya wenzake aliowafikia au kuwapita.

Uamuzi hubaki kwa chuo. Chuo Kikuu cha California kiliacha kuzitazama alama hizo mwaka 2021, baada ya mabishano kuhusu upendeleo kwa wenye mali. MIT ilizirudisha mwaka 2022, ikieleza kuwa humsaidia kumtambua mwanafunzi hodari aliyetoka shule duni. Hivyo basi, namba hupima. Thamani yake hutegemea anayeisoma na swali analoiuliza.