Tronsonezi ya nyumbani: ipi inafaa huku Pangi?

Mvua ya usiku ikipita na upepo mkali, asubuhi huku Pangi habari ya kwanza si bei ya kasiterite, ni miti. Muti moja umelala katikati ya barabara ya Kindu–Kalima, motari wamejipanga pande mbili, mama mwenye uchungu wa kuzaa iko nyuma ya pikipiki, na watu kumi wako wanapiga shoka kwa zamu. Mwenye mashine anatafutwa. Mara nyingi jibu ni lile lile: iko ndani ya pori anapasua mbao, atarudi kiisha siku mbili.

Njo maana siku hizi wachimbaji wengi, wakipata franga kidogo, wanajiuliza kama wanunue tronsonezi yao wenyewe. Si kwa kazi ya mbao. Ni ya kukaa nyumbani, kwa muti ulioanguka juu ya paa, kwa kuni, na pengine kwa miti ya kushikilia shimo. Tumeona tuzungumze juu ya jambo hili, kwa sababu tunaona watu wakinunua kwa macho, na mashine hii haina huruma na mutu asiyeijua.

Kosa la kwanza ni kununua ile kubwa. Huku kwetu mutu akisema tronsonezi, wengi wanaona mbele ya macho Stihl 070, ile ya wapasuaji mbao. Ni mashine ya heshima, moteri yake ni karibu santimeta kibu 106, na imepasua mvule nyingi za Maniema. Lakini ukiweka upanga wake wa chuma, mnyororo na mafuta, uzito unapita kilo 10, na nyingi kati ya zile zinazozunguka huku hazina breki ya mnyororo. Mpasuaji anaishika kila siku, mikono yake imeizoea. Wewe unayeishika mara tatu kwa mwaka, juu ya matope, muti ukiwa umejipinda juu ya nyumba ya jirani, utachoka kabla ya kumaliza kata ya pili. Na mikono iliyochoka njo inayoachilia.

Kwa nyumba, tunaona mashine ya santimeta kibu 45 mpaka 50 inatosha. Stihl MS 250, kwa mfano, iko na 45 na uzito chini ya kilo 5 bila upanga. Husqvarna ya Uswidi nayo iko na zake za kipimo hicho. Kama kiwanja chako ni miembe miwili na mparachichi moja, hata MS 180, yenye karibu 32, itafanya kazi, ila usiilazimishe. Upanga wa santimeta 40 unaweza kukata gogo nene kuliko urefu wake, ukiingia upande huu kisha upande ule. Muti unaoshinda hapo, ita mwenye kazi yake umulipe. Ile ya betri tuiache: mahali pa kuchaji simu tu ni shida, betri ya namna ile itachajiwa wapi?

Mchikichi tuuseme peke yake, kwa sababu ndio muti unaoanguka karibu na nyumba nyingi. Shina lake ni nyuzi nyuzi, zinajaa ndani ya mashine karibu na gurudumu linalozungusha mnyororo, na zinamaliza meno haraka. Kata kidogo, zima, safisha, endelea. Kwa mchikichi moja mwembamba, shoka ingali mbele.

Sasa juu ya maduka. Rangi ya machungwa na nyeupe imeigwa sana, na jina pia. Kuandikwa kwamba imetengenezwa China si alama ya uongo, maana Stihl yenyewe iko na kiwanda kule, sawa vile iko nacho Brazili na Marekani. Alama ni vitu vingine: namba ya mashine haipo juu ya mwili wake au imebandikwa kwa karatasi tu, herufi za jina zimepinda, plastiki ni nyepesi, hakuna kitabu. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Ikiwa inazunguka polepole bila kugusa gesi, mnyororo lazima usimame. Kisha sukuma kile kikingo cha mbele ya mkono wa kushoto: breki inatakiwa ishike papo hapo. Isiposhika, rudisha franga mfukoni, hata kama bei ni tamu. Na kabla ya kulipa uliza: mnyororo wake, buji yake na tupa yake ninapata Kindu, ama ni mpaka Bukavu na Goma? Mashine nzuri isiyokuwa na mnyororo wa pili ni chuma cha kupamba nyumba.

Hapa kwenye mafuta njo tunataka mchimbaji asome mara mbili. Motopompe nyingi za kutoa maji ndani ya shimo, na grupu nyingi, zinakunywa esanse safi, mafuta ya moteri yanakaa chini, pembeni. Tronsonezi si hivyo. Yenyewe inakula esanse iliyochanganywa na mafuta ya moteri ya viharusi viwili. Ukichukua bido ya motopompe na kuimimina ndani ya tronsonezi, itawaka, italia vizuri, na pistoni itakwaruzika bila kuchelewa. Kipimo cha mafuta mazuri ya Stihl ni moja kwa 50, maana yake mililita 100 kwa litri 5 za esanse. Kwa mafuta ya kawaida ya viharusi viwili kitabu cha Stihl kinaomba moja kwa 25, basi mililita 200 kwa litri zile 5. Tia alama ya rangi kwenye bido ya tronsonezi, na watoto wote wa nyumba wajue alama ile.

Esanse ya Kadhafi wa barabarani, ile ya ndani ya chupa, mara nyingi imelala juani, na wakati wa mvua maji hayako mbali. Ipitishe kwenye kitambaa safi, iache itulie, usimimine ile ya chini kabisa. Mchanganyiko usikae zaidi ya mwezi. Ile tanki ndogo ya pili ni ya mafuta ya mnyororo. Mafuta machafu yaliyotolewa ndani ya moteri ya pikipiki yanabeba unga wa chuma na yanakula pompe na upanga. Tunajua karibu kila mutu anayatumia. Yanakula vile vile.

Kitu kingine, na hapa hatutapunguza maneno: tronsonezi haiingii ndani ya shimo. Hata dakika tano, hata kama ni kukata gogo moja linalozuia njia. Moshi wake unabeba gesi ambayo haina harufu wala rangi, inaingia ndani ya damu mahali pa hewa, na mutu analala kabla ya kujua kwamba anakufa. Anayeshuka kumutoa analala pia. Ni gesi ile ile ya motopompe. Miti ya kushikilia shimo pimeni chini, kateni juu, mahali pana upepo, kisha mteremshe. Kama gogo halikupatana na kipimo, kuna msumeno wa mkono.

Kwa muti ulioanguka, hatari haiko kwenye mnyororo peke yake. Gogo lililoegemea nyumba ama jiwe limejikunja kama upinde. Upande moja umebanwa, upande mwingine umevutwa. Ukianza upande uliovutwa, linapasuka na kukupiga kifuani. Anza upande uliobanwa, ingia kidogo, karibu sehemu moja ya tatu, kisha malizia upande uliovutwa, wewe ukiwa umesimama pembeni. Muti ulioanguka na mizizi yake yote, ukiukata, kisiki kinaweza kurudi na kusimama tena kwa nguvu. Watoto wanapenda kucheza ndani ya lile tundu, watoeni kwanza. Kule Kalima, mahali waya za umeme wa Lutshurukuru zinapita, mutu asiguse muti uliolala juu ya waya mpaka umeme ukatwe. Na kamwe usikate kwa ncha ya upanga, ule upande wa juu: mashine inaruka kuelekea uso wako, haraka kuliko macho. Breki ile uliyoipima dukani inafanya kazi siku hiyo.

Bote za mchimbaji na kofia yake ni mwanzo mzuri, ongeza miwani na kitu cha masikio. Suruali ya jini haizuii mnyororo, na zile suruali za kweli zenye nyuzi za kukwamisha mnyororo ni vigumu kuzipata huku. Kwa hiyo usiende peke yako. Mutu wa pili akae mbali, na kitambaa safi cha kubana kidonda, na pikipiki yenye esanse.

Kwa bei yake, nyumba nyingi haziwezi peke yao, na kusema kweli haina lazima. Mashine ya mara tatu kwa mwaka inafaa nyumba kumi za avenyu moja kuliko nyumba moja. Likelemba tunazijua tangu zamani. Lakini wekeni mutu moja anayeishika, aliyefundishwa na mpasuaji, na sheria kwamba haiazimwi kwa mutu mwingine, hata kama ni shemeji wa chifu. Kusafisha barabara ni jambo moja. Siku mtakapoanza kukata miti kwa kuuza mbao, Kodi ya misitu, sheria namba 011/2002 ya tarehe 29/8/2002, inaomba permi, na watu wa mazingira watakuja na swali hilo.

Baada ya kazi, yule mutu amwage mafuta yaliyobaki, awashe mashine ikule ile kidogo ya ndani mpaka ijizime, apige tupa kila jino mara tatu ama nne kuelekea upande moja, aweke kifuniko cha upanga, na aitundike mahali mtoto hafiki. Bido ikae nje ya jikoni.