Harusi Mbili, Mtego Mmoja: Kutoka Malinovka Hadi Kamiriithu

Kama wewe ni mpenzi wa filamu za kuimba na kuchekesha, kuna moja ya kitambo iitwayo Svadba v Malinovke, yaani Harusi ya Malinovka. Studio ya Lenfilm iliitoa mwaka wa 1967 kule Muungano wa Kisovieti, mwelekezi akiwa Andrei Tutyshkin. Zaidi ya watu milioni 70 waliitazama kwenye sinema.

Mambo yanatokea katika kijiji cha Ukraine, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea. Leo wanatawala hawa, kesho wale, hadi mzee mmoja anabadilisha kofia kila serikali ikibadilika. Kisha kiongozi wa genge anataka kumwoa msichana Yarinka, apende asipende. Harusi inapangwa, watu wanaimba na kucheza, kumbe sherehe yote ni mtego! Jeshi Jekundu linaingia na genge linanaswa.

Sasa rudi nyumbani. Shika barabara ya Nakuru kutoka Kinoo hadi Limuru, uulize Kamiriithu iko wapi. Huko, Oktoba 1977, wanakijiji walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ambao kwa Kiswahili unaitwa Nitaolewa Nikipenda. Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua na wafanyakazi wa viwandani. Jukwaa la wazi walijijengea wenyewe. Nyimbo na ngoma zilijaa, na matajiri walichekwa hadharani, tena kwa Gĩkũyũ.

Humo pia kuna harusi, na ni mtego vilevile. Tofauti ni kwamba huku anayenaswa ni hasla.

Kĩgũũnda ana ekari moja na nusu, na hati ya shamba ameitundika ukutani. Tajiri Kĩoi anamshawishi yeye na mkewe Wangeci wafunge ndoa ya kanisani, ingawa walishaoana kimila zamani. Pesa za sherehe zitoke wapi? Benki. Dhamana? Ile hati. Wananunua nguo na vitu vya nyumba. Mwishowe binti yao anapachikwa mimba na mtoto wa Kĩoi na kuachwa, mkopo unadaiwa, na shamba linapigwa mnada. Mnunuzi ni Kĩoi yuleyule.

Serikali haikucheka. Novemba 1977 mchezo ulipigwa marufuku, na kufikia Mwaka Mpya Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa ameshakamatwa. Alizuiliwa Kamiti bila kesi hadi Desemba 1978. Mwaka wa 1982 polisi walibomoa jukwaa la Kamiriithu. Mchezo ulirudi Mei 2022 katika Kenya National Theatre, kwa Kiingereza na Gĩkũyũ, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa 1977 wakajionea.

Malinovka ilisifu upande ulioshinda vita, ndiyo maana ilifunguliwa milango ya sinema zote. Kamiriithu iliuliza nani aliishia na shamba baada ya Uhuru, ikafungiwa mlango.

Na swali hilo halijazeeka. Siku hizi mkopo wa simu unaingia kabla chai haijapoa, na kamati za harusi zinataka hema, keki na gari la maharusi. Kabla hujasaini chochote ili watu wa mtaa waone umeomoka, jiulize swali ambalo Kĩgũũnda hakujiuliza: hii sherehe ikiisha, hati itabaki mikononi mwa nani?